Litania ya Upepo Unaovuja

Jumatatu, 2 Desemba

Nimeamua. Sirudi nyumbani Ushirombo. Bado sijamwambia mtu.

Mambo yako hivi. Tangu nimalize mtihani wa kidato cha nne nipo hapa Katoro, kwenye gereji ya Mjomba Otmar, kaka yake Mama. Nilikuja kupumzika kidogo. Sijapumzika. Nachota maji, nashika tochi, naleta spana. Sijawahi kuwa na furaha namna hii.

Jumamosi ya wiki ijayo Mama anakuja kunichukua. Anataka nikaanze malezi ya utawa kwa masista. Masista ni watu wema sana. Lakini hawana kompresa.

Mjomba anasema kwa upande wake hana neno, tatizo mtoto mwenyewe hasemi anataka nini. Ni kweli. Sisemi. Leo nilifungua mdomo mara mbili mbele yake. Mara ya kwanza nikamwuliza kama anataka chai. Mara ya pili nikampa shikamoo, wakati nilishampa asubuhi. Akaitikia marahaba, akaniangalia sana.

Kwa hiyo nina mpango. Nitafanya jambo kubwa hapa gereji, kimya kimya. Mjomba ataliona. Atauliza ni nani aliyefanya hivi. Mimi nitasimama pale pale nikiangalia chini. Atajua mwenyewe! Atamwambia Mama huyu haondoki. Sitahitaji kuongea hata neno moja.

Jambo lenyewe ni koplingi. Ni kile kiungo kinachoshika mpira wa upepo kwenye kompresa. Kina vipande viwili. Mafundi wanaviita dume na jike. (Mimi siviiti. Nanyoosha kidole.) Dume lina shingo, jike lina gololi ndogo ndani zinazoikamata ile shingo. Unavuta pete ya nje, unachomeka, unaachia. Tak! Mlio mtamu kuliko kengele ya kwenda nyumbani.

Zetu zote ni za shaba na zimechoka. Hazisemi tak. Zinasema tsss mchana kutwa, kompresa haipumziki, na Mjomba analalamika kwamba mafuta yake yanaishia hewani.

Marwa, fundi mkuu, mtu wa Tarime, hataki kusikia habari ya koplingi za chuma. Anasema shaba ndiyo mali, haishiki kutu, na mtu aliyegundua chuma alikuwa na haraka zake. Ikivuja anaifunga kipande cha mfuko wa nailoni, anaupiga mpira kofi, anatangaza kwamba mgonjwa amepona.

Mgonjwa hajapona.

Jumanne, 3 Desemba

Uchunguzi! Nimelichukua dume letu nikaliangalia juani. Ukingo wa shingo umelika, umekuwa mviringo kama sabuni ya kipande iliyobaki bafuni. Upande mmoja una vidimbwi vidogo, pale gololi zinapouma. Shaba ni laini. Na vumbi la mawe linaloletwa na matipa kutoka machimbo linaingia humo ndani na kusaga.

Nikavuka barabara kwenda duka la vipuri. Bahati mbaya muuzaji ni Rebeka. Tulikaa dawati moja miaka minne shule ya bweni. Mwalimu akiniuliza swali, Rebeka alijibu. Nikiumwa, Rebeka alieleza naumwa nini. Sasa anauza katika duka la baba yake na anaongea kwa niaba ya Katoro nzima.

Nilinong'ona kwamba nataka kuona koplingi za stenlesi, kile chuma kisichoshika kutu. Nikanyoosha kidole. Rebeka akapaza sauti kama tuko mnadani kuchagua mbuzi: Anisia, unataka dume au jike?

Bodaboda wote kijiweni wakageuka. Mmoja akanishauri nichukue jike, litazaa.

Nikakimbia.

Nilirudi baadaye kwa mlango wa nyuma. Rebeka akanionyesha dume la stenlesi. Zito. Jeupe. La baridi hata kwenye joto lile. Akasema wachimbaji wa Mwakitolyo siku hizi hawagusi kingine, kwa sababu shaba inaliwa na vumbi na chuma hiki hakiliwi. Niliamini kila neno.

Bei yake: nimsuke nywele. Mtindo wa twende kilioni, ndogo ndogo, za Krismasi. Kichwa kimoja, dume moja. Nikanyooshea kidole jike. Akasema jike ni vichwa viwili, chake na cha dada yake, ambaye ana nywele kama msitu.

Vidole vyangu vinatosha kichwa kimoja. Nimechukua dume tu. Nusu ya stenlesi ni bora kuliko kukosa kabisa.

Jumatano, 4 Desemba

Nimesuka. Rebeka ameongea. Ameongea mpaka nikajua kila mtu wa Katoro anadaiwa nini na anasingiziwa nini. Kisha akasema kwa masista kutanifaa, kwa sababu kule watu wanakaa kimya na bado wanalishwa.

Nilikaza msuko mmoja kuliko inavyotakiwa. Si dhambi. Labda ndogo.

Mchana, Marwa alipokwenda kula, nikaweka dume jipya kwenye mpira. Likang'aa! Lakini jike la shaba kwenye kompresa likaonekana kama chungu kilichotoka jikoni. Likaniaibisha. Nikakumbuka Mama alivyonifundisha: chombo kikiwa kichafu, majivu na mchanga. Nimesugua masufuria ya nyumbani hivyo tangu darasa la pili, na hakuna sufuria lililowahi kunishinda.

Nikaomba majivu kwa Mwanaima, mama lishe wa pembeni ya gereji. Akauliza ya nini. Nikaangalia chini. Akanipa kopo zima.

Nikasugua jike nje. Nikasugua na ndani, kwa kitambaa kwenye kijiti, mpaka kwenye gololi. Likatoka linang'aa kama kalisi ya misa ya Pasaka. Nikachomeka.

TAK!

Karibu nilie.

Ijumaa, 6 Desemba

Hakuna aliyeuliza. Mjomba amepita pale asubuhi yote. Ameangalia kompresa, ameangalia mbingu, ameangalia viatu vyake. Kuhusu koplingi, kimya.

Marwa peke yake ndiye aliyeona. Akasema shaba imefufuka, na kwamba ni matokeo ya nailoni yake ya wiki iliyopita. Sifa zangu zote zikaenda kwenye mfuko wa nailoni!

Halafu, mchana, nikasikia. Tsss. Ndogo. Na pete ya nje ukiivuta inasema krr, krr, kama mtu anatafuna wali wenye mawe.

Sikuogopa. Nikafikiri haraka. Mjomba akisikia tsss kabla hajaona mng'ao, mpango umekufa. Kwa hiyo inabidi asisikie. Nikasimama karibu na koplingi nikaimba wimbo wa kuleta vipaji. Kwenye kwaya mimi ni sauti ya pili. Naweza kuimba mbele ya watu bila shida, kwa kuwa maneno si yangu.

Tairi la bodaboda linachukua ubeti mmoja. La gari dogo, beti zote na kiitikio. Nimefunika vizuri kabisa.

Jumamosi, 7 Desemba

Tipa. Kutoka machimbo. Matairi manne ya kujaza upepo, na tsss imekua, siyo mtoto tena.

Hakuna wimbo mrefu kiasi hicho. Nikaanza litania ya watakatifu. Mtakatifu Petro. Marwa, aliyekuwa uvunguni, siyo Mkatoliki hata kidogo, lakini kufika kwa Mtakatifu Andrea akawa anaitikia "utuombee". Dereva naye akaitikia. Tairi la pili, bodaboda wawili wakazima pikipiki zao. Mwanaima akachungulia kwenye uzio akauliza kwa huruma kama hilo tairi linaumwa sana.

Mjomba akatoka ofisini. Akavua kofia. Akasimama karibu kabisa na koplingi, pale pale, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaondoka taratibu, akawa anaongea na simu huku anafuta macho.

Ameiona! Lazima ameiona!

Jumapili, 8 Desemba

USHINDI!

Baada ya misa Mjomba alinishika mkono. Akasema ameona. Akasema amenielewa, na nisihangaike kusema chochote, yapo mambo hayahitaji maneno. Ameshampigia Mama.

Bila kusema neno! Kama nilivyopanga!

Akaongeza kwamba Mama amelia kwa furaha, na kwamba hapa gereji nitakumbukwa sana.

Hilo la mwisho sikulielewa vizuri. Labda ana maana nitakumbukwa kwa kazi yangu. Nimekula wali sahani mbili.

Jumanne, 10 Desemba

Tsss imekuwa TSSSS. Watakatifu wanakaribia kuniishia.

Nimefungua koplingi na kuichungulia kwa tochi. Dume la stenlesi halina hata mchubuko, kama lilitoka dukani leo. Lakini jike! Vitundu vinavyoshika gololi vimepanuka, vimekuwa kama mdomo wa mtu anayeshangaa. Chuma kimeila shaba. Na kila kona kuna majivu na mchanga wangu, vinasaidia kutafuna.

Nikaenda kwa Rebeka, mlango wa nyuma. Akasema eh, si inajulikana, kigumu ukikiweka na laini, laini ndiyo inakwisha, ndiyo maana watu wananunua vyote vya aina moja. Na ni mtu gani anatia mchanga kwenye kitu kinachozunguka? Nikamwuliza, mbona hukuniambia. Akasema sikumwuliza. Nilisema "hilo" na kidole.

Akanikumbusha kwamba jike bado lipo. Vichwa viwili. Nimekataa. Nina heshima yangu. Na vidole vimevimba.

Nimefunga koplingi kwa mfuko wa nailoni. Marwa aliponiona alifurahi mno. Akasema hatimaye nimekuwa fundi.

Alhamisi, 12 Desemba

Balaa.

Leo Mjomba alinitambulisha kwa mteja wa mabasi. Akasema huyu ndiye sista wetu mtarajiwa, Mungu amemwita hapa hapa kwenye gereji, mbele ya kompresa. Mteja akaomba nimwombee gia boksi.

Sista! Kumbe ndicho alichokiona Jumamosi! Siyo koplingi. Wito!

Nikafungua mdomo nimwambie Mjomba amekosea. Nikasema: karibu chai. Mteja akasema ana unyenyekevu, huyu mtoto.

Marwa alinifuata nilipokuwa naongeza maji kwenye karai la kupimia pancha. Akasema kwa masikitiko kwamba yeye alidhani ningekuwa fundi, nina sikio zuri la upepo, lakini basi, Mungu naye ana gereji yake. Nilitaka kumwambia. Nikampa spana. Hakuwa ameomba spana.

Mpango mpya: kuacha kuimba. Mtu asiye na wito haimbi. Nimekaa kimya tangu saa hiyo mpaka jioni, uso mkavu, tsss ikisikika mpaka barabarani.

Jioni nikamsikia Mjomba akimwambia Marwa kwa sauti ya chini kwamba nisisumbuliwe, kwa kuwa nimeanza mafungo ya ukimya.

Jumamosi, 14 Desemba

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Mama alifika na kitenge cha WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, kilichopigwa pasi mpaka kinakata. Alileta ndoo mpya, kitambaa cheupe cha kichwani kwa ajili yangu, na kuku jike kwa ajili ya Mjomba. Akanikumbatia muda mrefu. Akasema alijua. Tangu tumboni alijua.

Nikasema shikamoo Mama.

Marwa alikuwa anajaza tairi la tipa, kwa sababu tipa halisubiri wageni. Mama akasema amesikia habari ya ile litania mpaka Ushirombo, na anaomba aisikie kwa masikio yake. Mjomba akavua kofia. Nikaimba. Ningefanya nini? Nilikuwa nimefika kwa Mtakatifu Barbara, ambaye kwaya yetu humwongeza kwa ajili ya wachimbaji, na kabla mtu hajaitikia:

PAA!

Dume likachomoka. Mpira wa upepo ukasimama kama nyoka, ukacheza huku na huku, ukaivua kofia ya Marwa, ukapiga karai la maji ya pancha. Maji yote, meusi, ya wiki nzima, yakaenda kwa Mama. Kuku akaruka uzio akatua kwenye maharage ya Mwanaima. Marwa akatambaa mpaka kwenye kompresa akafunga koki.

Mama anachuruzika maji. Ndoo mpya haikuguswa.

Mjomba akaokota dume. Akaligeuza. Akauliza: nani aliyeweka hiki?

Ndilo lile swali! Lile lile nililolisubiri! Nikaangalia chini, kama nilivyopanga.

Mjomba akamwangalia Marwa. Marwa akaapa kwa ng'ombe wote wa baba yake kwamba hajawahi kugusa koplingi ya chuma. Hapo Rebeka akawa ameshavuka barabara, twende kilioni zimesimama kichwani, tayari kujibu kwa niaba yangu kama darasani. Akasema si ni Anisia huyu, alichukua dume akaacha jike, akasugua na mchanga. Mjomba akatikisa kichwa. Akasema kumbe hizi stenlesi ni takataka, akainua mkono alitupe dume kwenye pipa. Marwa akapiga makofi.

Hilo sikuweza kulivumilia. Mimi nionewe, sawa. Lakini stenlesi!

Nikasema: siyo kosa lake!

Sauti ilikuwa kubwa. Nikageuka kuona nani ameongea. Ilikuwa mimi. Na baada ya hapo nikashindwa kujizuia. Nikasema dume. Nikasema jike. Mbele ya Mama, mbele ya bodaboda wote! Nikaeleza shaba inavyolika shingoni, na kwamba chuma kikioana na shaba, shaba ndiyo inaumia, na kwamba vyote viwili vikiwa vya aina moja, na visafi, haya yasingetokea. Nikaeleza majivu. Nikaeleza kwamba nailoni haijawahi kuponya kitu. (Marwa akaangalia pembeni.) Nikasema nilikuwa naimba ili tsss isisikike. Nikasema Mama, sina wito. Nina koplingi. Nataka kubaki hapa.

Kisha nikalia.

Mama akakamua ncha ya kitenge. Akamwuliza Mjomba: kaka, wewe ulikuwa unajua? Mjomba akasema tangu Novemba anasubiri neno moja tu kutoka kwa huyu mtoto. Kazi ipo. Masikio ya Marwa yameshakufa kwa kelele, hasikii upepo ukivuja hata ukimpuliza. Akanigeukia: ungesema tu, mama. Siku ya kwanza ningekubali.

Mama akafikiri. Akasema ni kweli Mungu hakosi masista, na hana shida na anayeimbia matairi. Nibaki. Matokeo yakitoka tutaongea tena. Kitambaa cheupe akakirudisha kwenye pochi, ndoo akaniachia. Kuku tumemla, kwa kuwa Mwanaima alishampika na kumtia kwenye hesabu ya maharage.

Mjomba ameagiza koplingi mbili kamili za stenlesi, kila moja dume na jike, moja ya gereji na moja ya kompresa yetu nyingine, ile ya kukodisha. Kwa Rebeka mwenyewe. Zitafika kabla ya mwaka mpya. Akanishika bega akaniambia: kuanzia leo ukitaka kitu, sema.

Nikajibu: ndiyo, Mjomba. Maneno mawili!

Jumapili, 15 Desemba

Mimi ni mtu mpya. Ukitaka kitu, sema. Nimeliandika kwa wino mwekundu ukutani, juu ya kitanda.

Mchana, mezani, Mjomba akasema Ijumaa hii ile kompresa ya kukodisha inakwenda Mwakitolyo, kuna watu wanatoboa mwamba. Marwa anakwenda nayo. Nafasi ipo ya mtu mmoja zaidi, wa kuangalia upepo. Anayetaka aseme.

Mwakitolyo! Machimbo! Kompresa kutwa nzima!

Mjomba akaniangalia. Akaangalia dari. Akaniangalia tena. Akakohoa.

Nikamwuliza kama anataka chai.

Akasema anataka.

Hakuna shida. Nilipokuwa nachemsha nimegundua kosa langu lilikuwa wapi. Nilianza na dume! Chuma kinakula shaba, sivyo? Basi chuma kiwe jike. Dume la shaba liliwe likitaka kuliwa, ni dogo na mengine yapo mengi kwenye boksi. Nitafunga jike la stenlesi kwenye kompresa ya kukodisha kabla ya Ijumaa, bila mtu kujua. Iliyoagizwa na Mjomba itachelewa. Kule Mwakitolyo upepo hautavuja hata kidogo. Watauliza ni nani aliyefanya hivi, na mimi nitasimama pale pale nikiangalia chini.

Itabidi kwanza niwe Mwakitolyo ndipo niangalie chini huko. Hilo nitalifikiria.

Rebeka amekubali, vichwa viwili. Naanza na dada yake kesho. Mwanaima amenipa kopo lingine la majivu. Kosa la mara ya kwanza: yalikuwa na chembe kubwa. Leo nimeyachekecha kwa chujio la chai, laini kama poda.

Chai ya jioni ilikuwa na rangi ya barabara. Mjomba akaonja, akasimamisha kikombe hewani, akafungua mdomo kuuliza.

Nikaanza kuimba.